Kesi za bunge na serikali ziwekewe siku

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kila korti ikisimamisha jambo la serikali utasikia watu wakilalamika, ati majaji waingilia kazi ya bunge, ati kwani nani aliwachagua. Swali hilo lina jibu tayari. Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura ya maoni tukaipitisha katiba, na kifungu cha 165 ndicho kinaipa Mahakama Kuu kazi ya kuangalia kama sheria, ama chochote kinachofanywa kwa jina la serikali, kinapingana na katiba. Majaji hawakujipa kazi hiyo, tuliwapa sisi.

Na sisi wa Mombasa tushaona faida yake. Mwakumbuka 2019 lilipotoka agizo kwamba kontena zote za kwenda bara zipande reli ya SGR zikatolewe Embakasi kule Nairobi? Haikuwa sheria, bunge halikukaa kuipitisha, ilikuwa notisi tu, na kutoka Changamwe, Miritini mpaka Mariakani madereva wa malori, wenye yadi, maejenti wa kliaringi, hadi kina mama wanaouza chakula kando ya barabara wakaanza kuumia. Watu waliandamana, wanasiasa wakatoa ahadi, na mwisho wa yote ni Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa, Novemba 2020, ndiyo iliyosema agizo lile ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Sasa hesabu kutoka Agosti 2019, ni zaidi ya mwaka, na mwenye lori la mkopo benki haikumngoja hata mwezi mmoja.

Hapo ndipo penye shida yangu mimi. Korti ziko sawa kuingia, lakini jibu linakuja watu washamalizika.

Angalia 2013. Bunge la Taifa liliipitisha sheria ya kugawa pesa za kaunti bila Seneti, Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini, spika wa Seneti akaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Mahakama ikasema Seneti ilipaswa kuhusishwa, sawa kabisa, lakini ilisema hivyo tarehe 1 Novemba na mwaka wa fedha huanza 1 Julai!

Halafu hii ya Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya kodi za mwaka. Mahakama Kuu ilisema tozo ya nyumba, ile asilimia 1.5 ya mshahara, inakwenda kinyume na katiba, Mahakama ya Rufaa Januari 2024 ikakataa kuiacha iendelee kukatwa, bunge likarudi likatunga sheria nyingine ikatiwa saini Machi. Tozo yenyewe siipendi lakini hapo korti ilifanya vizuri sana, haikutunga sheria yake, iliwarudishia kazi wenyewe. Lakini ile sheria nzima sasa, Mahakama ya Rufaa ikaja ikaitupa yote tarehe 31 Julai 2024, Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha, na mwaka wa fedha wenyewe ulikuwa umeisha tangu Juni. Mfanyabiashara wa soko la Marikiti atapanga bei zake vipi kwa hali hiyo?

Na msiniambie haiwezekani kwenda haraka. Kesi ya kupinga matokeo ya urais katiba imeipa siku 14 tu, na mwaka 2017 ilifunguliwa 18 Agosti, 1 Septemba majaji wakaufuta uchaguzi wa rais wa nchi nzima. Kama kesi kubwa namna ile inaamuliwa wiki mbili, hizi za bajeti na kodi kwa nini zizunguke korti tatu, huku mawakili wakiomba kuahirishiwa kila siku? Kifungu cha 163 kinaruhusu serikali, kaunti na taasisi za dola kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kuomba ushauri kuhusu mambo ya serikali za kaunti, lakini mlango huo mwananchi wa kawaida hana, yeye ni lazima aanze chini apande ngazi zote.

Kwa hivyo nawaomba wabunge wetu sita wa Mombasa, mwakilishi wa wanawake na seneta, wapeleke mswada kesi zinazohusu bajeti, kodi na mgao wa kaunti ziwekewe muda kama za urais. Mimi ningesema siku 60 pamoja na rufaa zake zote, na ikiwa ni kodi mpya basi isikatwe mpaka kesi iishe.

Msomaji wenu,
Changamwe, Mombasa