Kwa wanangu wa kota mliozika baba au mama kwa ugonjwa wa ini

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokulia kwenye kota za polisi na za reli hapa Uganda, Tororo, Jinja, Nsambya, Naguru, mkamzika baba, na baadhi yenu mama, tumbo likiwa limejaa maji na macho yamegeuka manjano. Wengi mnanijua. Niliwachoma sindano mkiwa wachanga, na wazazi wenu niliwauguza wodini hadi nilipostaafu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotulea sote, Mteso, Mjapadhola, Mlugbara na Mgisu. Tena, yale mnayoninong'oneza nyuma ya nyumba baada ya mazishi yanafanana mno. Afadhali niwajibu kwa pamoja.

Nianze na tangazo la redio. "Amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Muda mfupi upi? Pombe huliharibu ini kwa miaka mingi. Kwanza linajaa mafuta, na mwenyewe hasikii kitu. Baadaye linavimba. Mwisho linageuka makovu, gumu, limesinyaa, na damu inayotoka matumboni haipati njia ya kupita ndani yake. Hapo ndipo maji yanapojaa tumboni, miguu inavimba, na mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka ipasuke, mtu akatapika damu beseni zima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu hata kifo hakimuumbui. Tunakiandikia karatasi naye anazikwa na siri yake.

Nawaomba mseme. Semeni ini, semeni pombe, hata mbele ya mchungaji au shehe. Katika watu wale waliokaa kwenye viti vya kukodi kuna mmoja ambaye viatu vimeanza kumbana jioni na hajui ni kwa nini. Kuna mwingine ambaye ini lake bado liko kwenye mafuta tu, na hilo hupona mtu akiacha kunywa. Hata aliyekwisha kupata makovu, akiacha leo, mara nyingi huongeza miaka. Wote wawili wamekuja kuzika, wamesikia "muda mfupi," na jioni wanarudi kilabuni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mnaniambia kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. Baba, wiki zake za mwisho, alikuita mwizi. Alikukana, akasema hukuzaliwa naye. Usiku anaamka, anatafuta yunifomu, anadai yuko zamu. Mchana analala hata chakula hakimwamshi. Akakojoa kabatini. Akamlaani dada yenu mbele ya majirani, na leo ukoo umegawanyika, wengine wanasema laana ile lazima itafutiwe mzee wa kuiondoa.

Sikilizeni vizuri. Ini ndilo linalosafisha damu. Likishindwa, sumu zitokazo utumboni, amonia ikiwemo, zinapanda hadi kwenye ubongo, na mtu anachanganyikiwa. Sisi wauguzi tulikuwa tukimwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama trafiki anayesimamisha gari. Viganja vikianza kupepea vyenyewe, tunajua. Dawa yake kubwa ni laktulosi, maji mazito matamu yanayomfanya mtu aende choo laini mara mbili au tatu kwa siku, ili sumu itoke kwa njia hiyo. Familia nyingi ziliiacha chupa dirishani zikiamini tunamharisha mzee wao bure. Wengine walimtafutia vidonge vya usingizi ili watu wapumzike usiku, navyo vikamzamisha zaidi. Hamkuelezwa, na hilo ni kosa letu sisi wa wodi kuliko lenu. Muuguzi mmoja, wodi ina vitanda thelathini, nani ana saa ya kueleza?

Kwa hiyo maneno ya wiki zile msiyahesabu kama wosia. Mtu asiyejua kama ni usiku au mchana hawezi kumlaani mtoto wake. Dada yenu arudishwe nyumbani, aketi mahali pake, na mbuzi wa kuondoa laana abaki zizini.

Ila sitawadanganya. Matusi ya miaka ya nyuma, ini likiwa bado linafanya kazi, siku za mshahara ulioishia njiani, usiku mliolala kwa jirani kwa sababu ya mkanda, hayo hayakuletwa na amonia. Hayo yalikuwa ya pombe na ya kwake mwenyewe. Mna haki ya kuyakasirikia hata kaburi likiwa bichi. Shangazi atakwambia marehemu hasemwi vibaya. Mwitikie kwa heshima, kisha njoo useme kwangu.

Na yule aliyeniambia kwamba baba alipokata roho kitu cha kwanza alichosikia moyoni ni nafuu, ajue si peke yake. Ulikuwa umechoka. Umelala miaka ukisikiliza mlango, unajua kwa namna ufunguo unavyogongana na kitasa kama usiku utakuwa mwema au mbaya. Mwili ulipoambiwa kwamba mlango hautafunguliwa tena, ulipumua. Majonzi yatakuja kwa wakati wake, pengine kwenye harusi yako, na yatakukuta vizuri zaidi ukiwa umeacha kujipiga kwa ajili ya ile nafuu.

Wapo wanaosema, "Nilimnunulia mwenyewe." Kabla ya serikali kupiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2019, mtoto wa darasa la tatu alikuwa akitumwa dukani na sarafu ya mia tano arudi na kifuko kimoja cha waragi, na mwenye duka alimpa bila kumtazama mara mbili. Mwanangu, wewe hukununua pombe. Wewe ulitii. Anayetakiwa kujibu ni mtu mzima aliyekutuma na mtu mzima aliyekuuzia. Vifuko viliondoka, vikaja vichupa vya plastiki, kwa hiyo wapo wadogo wenu wanaotumwa hata leo. Wakatazieni.

Wengine mlimfungia chumbani ili pombe imtoke, akaanza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, akaanguka kifafa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufanya hivyo, na unaweza hata kufa. Ndiyo maana anayekunywa tangu asubuhi hukatishwa chini ya macho ya muuguzi na kwa dawa. Butabika wana wodi ya walevi kwa kazi hiyo. Watu wanaiogopa kwa sababu ni hospitali ya wagonjwa wa akili, wanasema bora mtu afie nyumbani kuliko kuonekana pale. Huo ni ujinga wa heshima, na umezika wengi. Kama kuna mjomba aliyebaki anakunywa vile vile, apelekwe, na majirani waseme wanavyotaka.

Kuhusu kumpeleka mgonjwa India apandikizwe ini nitasema kidogo. Hospitali ya Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kwa ini watu huenda ng'ambo, kwa fedha ambazo kota nzima ikichanga haifiki robo, na mnywaji hakubaliwi kirahisi mpaka awe ameacha pombe kwa muda. Hamkushindwa kumpenda kwa kukosa tiketi ya ndege.

Mama je? Wengi wenu mna kinyongo na mama kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipika. Sheria ya enguli, yaani waragi, ya mwaka 1965 ilikataza kuipika bila leseni, na tangu wakati huo mapipa hayajapoa. Nawauliza: mshahara wa baba ulipoishia kilabuni, ada yenu ya shule ilitoka wapi? Ilitoka kwenye lira lira, waragi huo huo wa kupika nyumbani. Mama alikuwa akiuza kilichomwangusha mumewe ili watoto wa mumewe wasome, na alilijua hilo kila alipokoka moto. Sijui mnataka nimhukumu vipi, na sitafanya hivyo. Kama yeye naye alianza kuonja akaendelea, basi mpelekeni hospitali mapema kuliko mlivyompeleka baba, maana ini la mwanamke huharibika kwa pombe kidogo kuliko la mwanamume.

Sasa ninyi wenyewe. Nendeni mkapimwe homa ya ini aina ya B. Hili nalisisitiza kuliko ushauri mwingine wote humu. Uganda ugonjwa huu upo kwa wingi; hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe wa pamoja, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Haupiti kwa kikombe wala mrija wa malwa, ile pombe ya ulezi ya chunguni, kwa hiyo acheni kumtengea mtu sahani. Watoto wetu wachanga walianza kupewa chanjo yake mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajawahi kuipata. Ukipimwa ukakutwa huna, chanja: ni sindano tatu, ndani ya miezi sita. Ukikutwa nayo, kuna dawa za kuituliza kwa anayezihitaji, na pombe kwako ni marufuku kabisa, kwa sababu virusi na pombe vikikutana ndani ya ini moja, kila kimoja kinamharakishia mwenzake, na saratani haiwi mbali. Baadhi ya wazazi wenu walikuwa na vyote viwili, na cheti kikaandika kimoja.

Hapo hapo niwaombe msiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Si kila tumbo lililojaa maji ni la mlevi. Kule Ziwa Albert, na huku kwenye kingo za Ziwa Victoria, kichocho cha matumbo kinaziba mishipa ya ini, mtu akatapika damu na tumbo likavimba, naye hajaonja hata togwa. Nimeona mke wa mvuvi akisemwa mlevi wa siri mpaka kaburini. Nimeona pia jirani akitishiwa kuchomewa nyumba, eti ndiye aliyemroga marehemu kwa kumjaza maji. Vipimo vikiwepo, viaminini. Visipokuwepo, nyamazeni.

Na wale wa chungu cha malwa, msigombane nao. Baba yenu alikaa nao duara moja, mrija mdomoni, miaka na miaka. Wana mwenyekiti, wana mweka hazina, wana faini kwa mleta ugomvi, na mlipofiwa ndio waliochimba kaburi huku ndugu wa damu wakiulizana nauli. Wanaomboleza kweli. Ila mabugo, yaani rambirambi, yaliyochangwa yasinunue chungu cha matanga. Nimehudhuria matanga ya mtu aliyekufa kwa pombe, nikapita katikati ya walevi kwenda kumpa pole mjane, na sikujua pole ile ni ya lipi. Pikeni chai. Pikeni uji wa mtama. Watakaoondoka kwa sababu hakuna kinywaji, waacheni waondoke.

Yule mama wa kilabu aliyesimama kaburini na daftari la madeni, mwambieni kwa upole aje siku nyingine, mbele ya wazee na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na daftari lake. Deni la marehemu hulipwa na mali ya marehemu. Halilipwi na ada ya mtoto aliyeko sekondari. Fedha za pensheni na kiinua mgongo zisimamiwe na mtu mliyemteua kwa maandishi. Baba mdogo aliyejitokeza juzi na koti jeusi siyo.

Mnaniuliza kama nanyi mtakuwa walevi. Mtoto wa mlevi yuko hatarini zaidi kuliko mwenzake, hilo ni kweli, sehemu kwa damu na sehemu kwa mazoea. Lakini wengi wa watoto hao hawawi walevi. Sipendi viapo vya kaburini. Nimeviona vikivunjwa kabla ya arobaini. Napenda jambo dogo zaidi. Ukijiona unahitaji glasi ili mikono itulie asubuhi, au umeanza kuficha chupa, usisubiri macho yageuke. Njoo, au nenda kituo cha afya chochote, useme baba yako alikufa na nini. Mganga mwenye akili atakuelewa kabla hujamaliza.

Wamebaki wadogo wenu, wale wa miaka sita, saba. Wao huambiwa baba amesafiri, kisha wanasubiri. Mwambieni mtoto: baba alikufa, alikuwa mgonjwa, alikunywa pombe nyingi kwa miaka mingi na ini lake likaharibika; wewe hukumfanya anywe, na hata ungekuwa mtoto mwema mara mia asingeacha kwa ajili hiyo. Kesho atauliza tena, keshokutwa atauliza tena, pengine mbele ya wageni. Mjibuni maneno yale yale.

Ni mimi bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Jinja