Kabla hujachukua miche ya nyanya, tuambie shambani palikuwa na nini

Juzi mteja wetu mmoja alifika kitaluni asubuhi na mapema, mche wa nyanya mkononi. Majani yalikuwa yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto, ila bado ya kijani. "Jamani, miche yenu imeniangusha," alisema. Tulikata kipande cha shina karibu na mizizi, tukakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Hazikupita dakika 5, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye shina.

Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa mnyauko bakteria. Bakteria wake anaishi udongoni, na hakuna dawa ya kupuliza itakayomwondoa. Tunalisema hili wazi kwa sababu inatuuma kuona mkulima anamaliza akiba yake kwa dawa za ukungu ambazo haziugusi kabisa ugonjwa huu.

Tulipomuuliza shamba lilikuwa na nini, akajibu: msimu uliopita bilinganya, kabla yake viazi mviringo. Hao wote ni ndugu wa nyanya, pamoja na pilipili na nyanya chungu, na ugonjwa wao ni mmoja. Tena anamwagilia kwa mfereji unaopitia kwanza kwa jirani yake wa juu, na maji hayo hubeba vimelea.

Kilimo cha bustani, yaani mboga, matunda, maua na viungo, kinadai kumbukumbu. Eneo ni dogo, mazao yanapishana haraka, na kila zao linamwachia linalofuata kitu fulani udongoni. Daftari la shilingi chache linatosha: ulipanda nini, wapi, lini.

Kwa hiyo ukija kwetu tutakuuliza maswali kabla ya kupokea oda. Penye mnyauko tutakushauri upumzishe nyanya na ndugu zake angalau miaka 2 au 3, upande mahindi, vitunguu au kabichi. Miche iliyougua ing'oe na mizizi yake, uichome, na jembe ulioshe kabla halijaingia tuta jingine. Kama eneo ulilonalo ni hilo tu, tunabebesha nyanya kwenye shina la bilinganya inayostahimili mnyauko. Bei yake iko juu kidogo, kwani kila mche unakatwa na kuungwa kwa mkono, na inabidi utoe oda mapema.

Mteja wetu aliondoka na miche ya kabichi. Nyanya atazipanda ng'ambo ya pili, palipokuwa na mahindi, na huko atamwagilia kwa maji ya kisima.