Hesabu za duka zisilale dukani

Waulize wenye maduka wa Darajani au Mwanakwerekwe, hapa Unguja, hesabu zao ziko wapi. Mmoja atakuonesha daftari lililo chini ya kaunta, wa pili kompyuta ambayo fundi aliitia programu miaka mingi nyuma, na wa tatu atakwambia muulize kijana wangu, yeye ndiye anayejua. Watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa njia hizi, kwa hivyo hatuji kuzidharau. Ila zote tatu zina kasoro moja: hesabu zinalala pale pale inapolala mali. Paa likivuja wakati wa masika, mali na hesabu vinarowa pamoja. Kijana akienda kwao Micheweni kwa msiba, duka linabaki wazi lakini hakuna anayejua nani anadaiwa nini.

Sisi kazi yetu ni kuwafungulia wafanyabiashara wadogo programu za mtandaoni na kuwafundisha kuzitumia. Wateja wanaokuja ofisini huuliza karibu maswali yale yale, na hapa tunayajibu kwa kirefu, pamoja na kusema wazi ni nani hana haja ya kulipia kitu.

Programu ya zamani huwekwa ndani ya kompyuta moja, na mauzo yote yanabaki humo. Ya mtandaoni unaifungua kwa Chrome au Firefox, unaingia kwa jina lako na neno la siri, na kila unachoandika kinahifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia iliyo mbali, mara nyingi nje ya nchi. Simu ya mwenye duka, tableti ya muuzaji na kompyuta ya mhasibu zote zinaona hesabu moja. Fundi hahitajiki kuja na fleshi kuweka toleo jipya. Likitengenezwa, unalikuta ukiingia. Jambo lenyewe si geni. Salesforce ya Marekani ilianza mwaka 1999 kwa biashara ya namna hii, na Google ilitoa majedwali yake ya mtandaoni mwaka 2006. Aliyewahi kusoma barua zake za Gmail kwenye simu ya mtu mwengine ameshaonja faida yake.

Sasa faida zenyewe. Wauzaji wengi wa programu huanza na stoki na ripoti za faida. Sisi tunaanza na madeni, kwa sababu duka la mtaani kwetu linaishi kwa kukopesha, na linakufa kwa kukopesha vibaya.

Fungua ukurasa wowote wa daftari la duka la vyakula. Utakuta: "Mke wa mwalimu, mchele wa mapembe kilo 5, mafuta lita 1." Chini yake: "Kalipa 10,000." Kisha mstari umekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni ipo nambari nyengine kwa mwandiko mwengine. Ile elfu kumi ilikuwa ya mchele huu au ya unga wa mwezi uliopita? Aliyekata ni nani, na alikata kwa sababu deni limelipwa au kwa sababu aliandika vibaya? Mwenye duka leo anakumbuka. Ikipita Ramadhani mbili hatokumbuka, na mke wa mwalimu naye atakuwa na kumbukumbu yake, na hapo ndipo majirani wanapoanza kupitana njiani bila ya salamu.

Kwenye programu, kila mdaiwa ana ukurasa wake. Kila alichochukua na kila alicholipa kina tarehe, saa na jina la aliyepokea. Programu nzuri hairuhusu kufuta kimya kimya: ukirekebisha, ya zamani inabaki inaonekana na jina la aliyerekebisha linaandikwa. Mdaiwa anaweza kutumiwa hesabu yake kwa WhatsApp siku ile ile anapochukua bidhaa, na kama ana neno alitoe mapema. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Msahafu, inatuamrisha tuandike deni la muda maalumu na tuweke mashahidi. Sisi tunaona uandishi wa aina hii ni katika kuitekeleza amri hiyo vizuri zaidi, na hatulisemi hilo kwa ajili ya kupamba biashara.

Lipo jambo zito zaidi ambalo watu hawapendi kulizungumza: mwenye duka akifariki. Warithi hawagawani kitu mpaka madeni ya marehemu yalipwe, na alichokuwa akiwadai watu ni sehemu ya mirathi. Ikiwa hesabu ilikuwa kichwani mwake, haki za wajane na mayatima zimezikwa naye. Basi hata usiponunua kitu kwetu, hakikisha yupo mtu wa pili nyumbani anayeweza kuisoma hesabu yako.

Zaka nayo ni hivyo hivyo. Zaka ya mali ya biashara hutolewa mali ikifika nisabu, yaani kima cha chini cha kutolewa zaka, na ikipitiwa na mwaka wa Kiislamu, na kiwango chake ni asilimia 2.5. Mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda ya ofisini, kwa hivyo tarehe yako ya kuhesabu inasogea kila mwaka. Programu nyengine zinakupa thamani ya stoki ya siku ya leo tu, bila ya kujua kuwa wewe unahesabu mwezi 15 Shaabani. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama unaweza kuomba thamani ya stoki kwa tarehe yoyote unayotaka, na kwa bei ya soko ya siku hiyo badala ya ile uliyonunulia. Namna ya kuyatazama madeni unayodai na unayodaiwa, waulizeni masheikh. Kazi ya programu ni kukupa nambari sahihi ya kupeleka kwao.

Biashara zenye mguu Unguja na mguu Pemba zinafaidika kwa njia yao. Chukulia duka la vitambaa Darajani lenye tawi Chake Chake. Mzigo wa kanga unapakiwa kwenye boti, unashuka bandari ya Mkoani, unapanda gari mpaka dukani. Kwa daftari, Unguja wameandika doti 200 zimetoka, na Chake wameandika walichokipokea, na madaftari haya mawili yanakutana mwisho wa mwezi. Kwenye programu mzigo ukitoka unakaa mahala maalumu, "uko njiani", mpaka aliyepo Chake aukubali.

"Ami, umeandika doti mia mbili, mimi nimehesabu mia na tisiini na sita."

"Hesabu tena mwanangu, kisha kubali hizo ulizozishika mkononi. Hizi nne nitazitafuta huku."

Mazungumzo haya yanafanyika siku ile ile, mchukuzi angali anakumbuka marobota mangapi aliyashika. Baada ya wiki tatu yangekuwa mazungumzo ya kutuhumiana baina ya mtu na mtoto wa kaka yake. Tumeona ndugu wakitengana kwa doti nne, na ndiyo maana jambo hili tunalijali.

Kwa hilo hilo, kila muuzaji awe na jina lake na neno lake la siri. Neno moja la watu watano linaua faida yote tuliyoieleza.

Wenye nyumba za wageni wa Paje, Jambiani na Nungwi wanalijua tatizo la chumba kimoja kuuzwa mara mbili: mgeni mmoja kakata kupitia Booking.com, mwengine kaahidiwa kwa WhatsApp. Wengi wanadhani wameshalitatua kwa kuunganisha kalenda za tovuti mbili kwa njia ya iCal. Njia hiyo ni ya bure na inasaidia, ila haifanyi kazi papo hapo. Kalenda moja inaweza kukaa kwa saa kadhaa kabla ya kupata habari za nyenzake. Msimu wa Agosti saa hizo zinatosha kuleta wageni wawili mlangoni usiku. Ukiwa na vyumba vingi, tafuta programu inayofunga chumba kila mahala mara tu kinapouzwa. Tena zile picha za pasipoti zilizojaa kwenye simu ya mpokea wageni zitoke huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za mgeni ni amana hata kabla ya sheria.

"Na intaneti ikikatika?" Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mteja, na ni swali la haki. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 baada ya kuharibika njia ya waya wa baharini kutoka bara. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Anayekwambia kuwa mtandao hauna shida hakutakii mema.

Jibu ni kuchagua programu inayoweza kuuza bila ya mtandao. Inafanya hivi: mauzo yanahifadhiwa kwanza ndani ya simu au tableti yenyewe, kisha mtandao ukirudi yanapelekwa kwenye seva. Usikubali kwa maneno. Muuzaji akija na programu yake, mwambie aiweke simu kwenye hali ya ndege mbele yako, auze vitu viwili, aifunge programu, aifungue tena, kisha arudishe mtandao. Mauzo yakionekana, endeleeni kuzungumza. Yakipotea, mshukuru kwa kuja.

Ujue pia kuwa wauzaji wawili walio nje ya mtandao wanaweza kuuza kipande kile kile cha mwisho, na stoki ikaonesha chini ya sifuri. Usikimbilie kumshuku mtu; angalia saa za mauzo kwanza. Kwa umeme, simu yenye chaji na laini mbili za kampuni tofauti zinatosha duka dogo hata Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ikikwisha usiku.

Upande wa vifaa nao usisahauliwe. Hewa yetu ya chumvi inakula kompyuta. Ikifa ya kwako, hesabu za mtandaoni unaendelea nazo kwa simu nyengine dakika hiyo hiyo. Lakini kompyuta kongwe inabaki kuwa hatari hata ukitumia programu ya mtandaoni: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na virusi vinavyoiba neno la siri vinapenda mashine kama hizo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ule unaokuletea nambari kwenye simu.

Risiti za Mamlaka ya Mapato Zanzibar ni jambo jengine. ZRA ina mfumo wake wa risiti za kielektroniki, na programu ya duka haikuondolei wajibu huo. Uliza tu kama vinaweza kuunganishwa, ili usiandike mauzo mara mbili.

Gharama. Programu nyingi hulipiwa kila mwezi, na nyingi za nje hutaka dola na kadi ya benki. Shilingi ikishuka, bei yako inapanda bila ya wewe kuongezewa chochote. Anza na za bure. Majedwali ya Google yanatosha kabisa kwa daftari la madeni la duka moja. Loyverse, programu ya mauzo ya duka, ina sehemu yake ya kuuzia isiyolipiwa. ERPNext ni programu huria, bure kuichukua, lakini inataka seva na mtu wa kuitunza, kwa hivyo haifai kwa asiye na fundi. Na mwenye genge la mboga, au muuza samaki anayemaliza ndoo yake kila asubuhi kwa fedha taslimu, hana haja ya chochote katika haya. Pesa yake aitie kwenye barafu.

Ukiamua kuanza, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na nambari ya simu ya mwenye biashara, isifunguliwe kwa za fundi, na kwa za kwetu pia isifunguliwe. Fundi akihama, usijikute unaomba ruhusa ya kuona mali yako. Siku ya kwanza toa nakala ya hesabu zote kwa Excel uone kama inatoka nzima, kisha ifanye kazi hiyo kila mwisho wa mwezi.

Ukija kwetu, njoo na daftari la madeni peke yake. Stoki tunaiacha kwanza. Tunaingiza wadaiwa walio hai kwenye daftari, wale wa miaka mingi unawaamulia mwenyewe, na daftari lenyewe unaendelea kuliandika sambamba na programu mpaka ulinganishe mwezi mmoja na ukute vinakubaliana. Ofisi iko wazi kila siku isipokuwa Jumapili. Ijumaa tunafunga kwa sala na kufungua tena alasiri.