Mwanza hadi Bukoba: kilomita 175, mbona tiketi ina dakika 45?

Swali hili tunaulizwa sana kaunta: "Kwenye simu naona Mwanza hadi Bukoba ni kilomita 175. Ndege inakwenda 500 kwa saa. Si dakika 20 hizo? Mbona tiketi inasema 45?"

Hesabu haina kosa. Tatizo ni pale unapoanzia kuhesabu. Muda wa kwenye tiketi hauanzi matairi yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inapotoka ilipoegeshwa, na unaisha inapoegeshwa tena upande wa pili. Humo mna kujivuta hadi mwanzo wa njia ya kurukia, pengine kusubiri mwenzake atue kwanza, kupanda, kisha kujipanga kutua. Ile kasi ya 500 ni ya ATR, aina ya ndege ya mapangaboi, ikiwa imekwisha kutulia angani. Bombadia, aina nyingine ya mapangaboi, inafika kama 650, lakini kwa safari fupi hivi haikusaidii sana, maana ikimaliza kupanda tu rubani anaanza kuishusha. Jeti usiitarajie: uwanja wa Bukoba una njia fupi, kwa hiyo ni mapangaboi tu.

Upepo nao una lake. Bukoba iko kaskazini magharibi ya Mwanza. Upepo ukimlazimu rubani aruke kuelekea kusini mashariki, anaanza kwa kuipa Bukoba mgongo, halafu ndiyo ageuke.

Wengine huja na namba tatu tofauti wakidhani mtandao unawadanganya: 175, 109 na 94. Ni umbali uleule. Ya kwanza ni kilomita, ya pili maili za kawaida, ya tatu maili za baharini ambazo marubani huzitumia. Ukiona kama 400, hiyo ni barabara inayolizunguka ziwa kupitia Geita. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, ila kilomita hazijapungua kiasi cha kushindana na ndege.

Linalotusumbua zaidi sisi mawakala ni hali ya hewa, si kilomita. Bukoba mvua ni nyingi, na uwanja uko ukingoni mwa ziwa. Wingu likikaa chini, ndege inaweza kuzunguka angani ikisubiri, au ikageuza. Baada ya ajali ya ndege ya Novemba 6, 2022, iliyoua watu 19 pale ziwani, hatudhani kuna abiria wa kumlaumu rubani anayegeuza. Tena ndege ya Bukoba mara nyingi inakuwa imeanzia Dar, hivyo ikichelewa huko, kuchelewa kunakuja nayo.

Kwa hiyo kama una harusi, msiba au kikao Bukoba, usikate tiketi ya kufika saa moja kabla. Na kama unaunganisha ndege nyingine Mwanza, tuambie kabla hatujakata, tukuachie muda wa kutosha katikati au tuziweke safari zote kwenye tiketi moja.

Halafu soma saa vizuri. 07:00 ya kwenye tiketi ni saa moja asubuhi, na 13:00 ni saa saba mchana. Wapo wanaofika uwanjani saa saba kamili wakiwa na tiketi ya 07:00, na hapo hata sisi hatuna la kuwafanyia zaidi ya kuangalia kama kesho kuna nafasi.