Bendi ya pili iwapigie viti?

Mhariri,

Ijumaa iliyopita nilivuka feri kutoka Likoni hadi ukumbi mmoja mdogo wa Nyali, viti havizidi themanini, kuzisikiliza bendi mbili za vijana wanaopiga pop ya kujitegemea, indi kama wanavyoiita wenyewe. Bango lilisema saa mbili usiku. Gitaa la kwanza lililia saa nne na robo.

Vijana sina ugomvi nao. Bendi ya kwanza ilinikosha: maneno ya Kiswahili cha mtaani kwetu, gitaa jepesi, na ukitega sikio, chini kabisa mna mdundo wa chakacha, ngoma yetu ya Pwani. Walipomaliza, ngoma zikafunguliwa moja moja, nyingine zikapandishwa, nyaya zikatafutwa. Dakika arobaini! Bendi ya pili iliposhika vyombo tulibaki kumi na wawili, mhudumu wa baa akiwemo. Nyimbo tatu tu, meneja akaonyesha saa: majirani wanataka kulala. (Na haki yao, watoto wa watu wana madrasa asubuhi.)

Miaka ya themanini nilipiga besi katika hoteli za Pwani ya Kaskazini, zama za bendi za Them Mushrooms na Mombasa Roots. Mtalii akimaliza kula alitukuta jukwaani. Ukichelewa, unakatwa pesa. Bendi mbili zikikutana, seti ya ngoma ilikuwa moja na amplifaya ya besi moja, kila mpiga ngoma akija na snea yake, ile ngoma ndogo kali, na pedali ya ngoma kubwa tu. Kupima sauti alianza wa kufunga usiku, wa kufungua akapima mwisho, ili vyombo vyake vibaki vimetegwa pale pale. Kupokezana jukwaa kulikuwa muda wa sigara moja.

Najua nitajibiwa kwamba watu wa Mombasa hawatoki mapema. Watatokaje, na wanajua saa mbili ya bango ni saa nne? Wenye kumbi waanze saa mbili kweli, mara tatu mfululizo, hata mbele ya watu watano, tuone. Wala wasitutajie taarabu ya harusini, kwamba nayo huchelewa na watu hungoja. Kule mtu amealikwa, hakulipa mlangoni.

Nilipotoka nilimuuliza mpiga kibodi wa bendi ya pili wanalipwaje. Mapato ya mlangoni, nusu kwa nusu, akasema. Alikuwa amekuja kwa matatu kutoka Mtwapa, kibodi mapajani, kwa nyimbo tatu.

Mpiga besi mstaafu,
Likoni, Mombasa