Paneli imeandikwa wati 200, testa inasema vingine

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo nimjibu ndugu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba sola ni utapeli, serikali iachane nayo ilete nguzo za umeme tu. Nilivyosoma nilicheka kwanza, afu nikanyamaza, maana kutapeliwa katapeliwa kweli, ila kesi kampa jua wakati mwizi yupo dukani anakunywa soda.

Mimi nipo Sikonge, mkoa wa Tabora, kwenye kitongoji ambacho nguzo zimeishia kama kilomita mbili na nusu kabla hujatufikia. Tunaambiwa vijiji vyote 12,318 vya Bara vimeshafikiwa na umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, na sibishi, hata chetu kimefikiwa, pale zahanati na ofisi ya mtendaji taa zinawaka vizuri tu, lakini kijiji cha huku kwetu unaweza kukitembea saa nzima hujakimaliza, kwahiyo sisi wa kitongojini zile taa tunaziangalia kwa mbali kama za mji mwingine. Ndo maana huku karibu kila paa lina kipaneli. Tusingekuwa nacho tungerudi kwenye koroboi.

Sasa sikia. Mwaka juzi shemeji yangu alipouza tumbaku akapanda basi mpaka mjini, akanunua paneli "wati 200", betri N70, inveta na taa sita, na muuzaji akamhakikishia kwamba hapo TV na feni vinaenda mpaka asubuhi. Tukafunga. Wiki mbili za kwanza nyumba ilikuwa kama kibanda umiza, watoto wa majirani wote wapo sebuleni. Mwezi wa pili TV ikaanza kuzima saa 2 usiku, yaani taarifa ya habari inaanza tu na kioo kinakuwa cheusi, na mwezi wa saba betri ikafa kabisa, ukiipeleka kuchaji inarudi nzima, ukiwasha taa nusu saa imelala. Mtaani wakaanza, si tulisema, sola ni ya kusubiria Tanesco.

Nikamwita kijana mmoja anayetengeneza redio hapa senta. Akaja saa 6 mchana, jua la utosi, akachomoa waya za paneli akapima volti kwanza: 21. Shemeji akafurahi, unaona, paneli nzima! Kijana akamwambia subiri mzee, volti hata paneli mbovu inakupa, ngoja tupime ampia, yaani umeme unaotiririka kwenye waya. Hapo akasita kidogo maana testa yake, kile kipimo cha umeme, mwisho ampia 10 na paneli ya wati 200 ya mfumo wa volti 12 inatakiwa itoe kama 11 hivi, akaogopa kuunguza fyuzi. Ikabidi aifunike paneli na kanga, aunge, afu aifunue taratibu huku anaangalia namba. Wasiwasi wa bure. Ilifika 3.4 ikagoma hapohapo. Ukizidisha na volti kama 18 ambazo paneli ya mfumo huo inatoa ikiwa kazini (ile 21 ni ikiwa haijaungwa na kitu) unapata wati 60 na kidogo. Sitini! Kwa bei ya mia mbili.

Akatuonyesha na njia nyingine ambayo haihitaji hata testa, na hii ndo nataka wasomaji waibebe wakienda dukani. Akachukua futikamba akapima, sentimita 67 kwa 54. Jua kali la mchana linamwaga kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinakamata kama 200 tu kati ya hizo, au zaidi kidogo. Kwahiyo paneli ya wati 200 lazima ikaribie mita moja kwa mita moja, hamna ujanja. Hii yetu ilikuwa haifiki hata nusu yake. Mtu ameandika namba kwenye stika akabandika, basi, na sisi tulivyo tunasoma stika.

Betri nayo ilikuwa ya gari. Betri ya gari kazi yake ni kupiga stata sekunde chache afu ichajiwe na injini palepale. Ukiikamua kila usiku mpaka inveta ipige kelele unaiua mwenyewe, na huyo muuzaji analijua hilo kuliko mimi na wewe. Tulivyorudi kwake akasema garantii ni ya siku 14 na eti tuliiweka vibaya juani. Paneli ya sola, imewekwa vibaya juani! Mpaka leo tukikumbuka tunacheka, japo hela iliuma.

Sasa upande wa sera. Sheria ya VAT ya 2014 iliweka paneli na betri za sola kwenye vitu visivyotozwa kodi hiyo, na ni jambo zuri, lakini msamaha ule hauulizi kama wati zilizoandikwa zimo kweli. Januari 2025 wakubwa wa Afrika walikaa Dar es Salaam wakakubaliana watu milioni 300 wapate umeme ifikapo 2030, na kwa akili ya kawaida hao wote hawafikiwi na nguzo, wengi watapewa sola. Bwawa la Nyerere limekamilika, mashine 9, megawati 2,115, tunajivunia, ila waya wa kutoka Rufiji mpaka kwenye paa la shemeji bado ni stori nyingine. Mimi ningeomba kitu kidogo tu, kila duka la sola lilazimishwe kuwa na testa na mteja awe na haki ya kutoa paneli nje juani ikapimwa ampia kabla hajalipa, kama tunavyopima taa dukani kabla ya kuibeba. TBS, wale wa shirika la viwango, wakipita mara mojamoja bila hodi na testa yao, wakakuta 60 imeandikwa 200, mzigo wote uzuiwe. Na VETA, wale wa vyuo vya ufundi, walete kozi ya sola ya wiki chache vijijini huku, maana kwa sasa fundi ni yeyote mwenye bisibisi na ngazi.

Shemeji alijichanga akanunua nyingine, safari hii alienda na futikamba mfukoni na muuzaji wa kwanza alivyoiona akaanza kusema paneli kubwa zimeisha. Ile ya zamani tumeihamishia kwenye banda la kuku, inawasha taa mbili vizuri tu. Stika ya 200 bado ipo.

Msomaji wenu,
Sikonge, Tabora