Barua kwa Mwalimu Mwenzangu wa Malindi

Faza, Lamu

Ndugu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na jamaa wote hapo Malindi hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Uliniuliza iwapo yafaa uendelee kuwamo katika kundi la WhatsApp la walimu wa Sayansi, ilhali kila jioni linajaa salamu, matangazo ya semina na maazimio ya kazi, yaani mipango ya masomo ya muhula, ambayo pengine hata aliyeyatuma hajayasoma. Nakusihi usitoke.

Tangu Gredi ya 7, mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, ilipoanza mwaka 2023, wengi wetu tunafundisha Sayansi bila maabara, na mwenzako wa somo huenda yuko kisiwa kingine. Mimi niliuliza kundini namna ya kuonyesha asidi (kama ndimu) na besi (kama magadi) bila karatasi za litimasi, zile zinazobadili rangi. Mwalimu mmoja akanijibu kwa ujumbe wa sauti: nikoroge manjano ya jikoni katika maji moto, nichovye vipande vya karatasi nyeupe, kisha nivianike. Vilipotiwa maji ya magadi viligeuka rangi ya matofali, darasa zima likashangilia. Ila msichana mmoja akauliza mbona ndimu na maji matupu vyote vimeviacha na umanjano wake. Swali lile nililipeleka kundini kama alivyolisema, na hapo ndipo mjadala ulipokolea. Ilibainika kwamba manjano hutambulisha besi tu, na mwalimu wa huko kwenu akashauri tuchemshe maua mekundu ya rosela, ambayo maji yake hukolea wekundu kwa ndimu na kugeuka kijani kwa magadi.

Litumie kundi hivyo: uliza jambo la kipindi cha kesho, kisha urudi ueleze lilivyokwenda, hata kama halikufaulu. Faili zinazosambazwa bila neno la mtu aliyezijaribu darasani mimi sizihesabu kuwa mafunzo.

Linaloniudhi ni picha za wanafunzi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ikishatoka katika simu yako huna tena mamlaka nayo. Tafadhali, piga picha za karatasi na madaftari, si za nyuso.

Kipindi chako cha asidi kikifika, jaribu pia maua mekundu ya uani kwako, kwa kuwa rosela huku kwetu Faza ni adimu, na matokeo uyaweke kundini ili wenzetu wa Kizingitini na Siyu nao wayaone.

Wasalaam,
Rafiki yako wa Faza